Anayejibu Salamu ni Nani? Msaidizi, mtaa na mtu mwenye ulemavu wa akili

Mjomba wangu ana miaka 47 na anaishi Magomeni, Dar es Salaam, kwenye nyumba aliyoiacha babu. Alizaliwa na ulemavu wa akili. Vichochoro vya mtaa wake anavijua vyote, anajua nani kafiwa na nani kaoa, anaipenda Yanga kuliko chakula, ila hesabu ya chenji humshinda na sentensi ndefu humpotea katikati. Kwa miaka mingi watoto wa pale hawakumwamkia. Walipita kibarazani, wakampa shikamoo fundi cherehani aliyekaa naye benchi moja, yeye wakamruka. Wakiwa na shida naye walimwita kwa jina lake tupu, kama wanavyoitana wao kwa wao.

Hakuna mzazi aliyewafundisha hivyo. Walikuwa wanamsikia binti aliyeajiriwa kukaa naye. "Mtoto, njoo ule." "Huyu mtoto leo kanisumbua kweli." Binti hakuwa na ubaya wowote, alimfulia, alimpikia vizuri, akiumwa alikesha naye. Alipoolewa akaja mama mmoja wa makamo kutoka Korogwe, na huyo tangu siku ya kwanza alimwita Kaka. Jioni wakiwa wameketi nje, watoto wakipita kimya, aliwasimamisha: "Nyie, mjomba wenu mmemwamkia?" Wakamwamkia, naye akaitikia "Marahaba" kwa sauti ambayo sisi wa nyumbani hatukuwahi kuisikia. Miezi michache baadaye hakuna aliyehitaji kukumbushwa.

Tukizungumzia namna ya kumwingiza mtu mwenye ulemavu wa akili katika jamii, huwa tunaanzia mbali: sheria, sera, bajeti, mila. Yote hayo yana uzito wake. Lakini mtaa haukutani na sera. Unakutana na mtu akiwa na msaidizi wake pembeni, na kwa kuwa haumjui huyo mtu, unamtazama msaidizi ili ujue huyo ni wa kutendewa vipi. Akimvuta mkono, nao utamvuta mkono. Akimjibia, nao utaacha kumuuliza.

Kuna fundo moja lazima lifunguliwe mapema. Kwa Kiswahili maneno "ulemavu wa akili" na "ugonjwa wa akili" yanasikika kama pacha, na mitaani watu huyachanganya kila siku. Si kitu kimoja. Ulemavu wa akili huanza utotoni au ujanani, kabla mtu hajakomaa. Chama cha wataalamu wa fani hii cha Marekani, katika ufafanuzi wake wa mwaka 2021, kiliweka mpaka wa miaka 22, ambao zamani ulikuwa 18. Uwezo wa kujifunza, kufikiri na kupanga unakuwa chini sana ya wastani, na shughuli za kila siku kama kutunza fedha, kusafiri peke yako au kusoma nia ya mtu mwingine zinakuwa ngumu. Sababu ni nyingi: kromosomu ya 21 iliyozidi (hali iitwayo Down syndrome), mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya mtoto mchanga isiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Mara nyingi sababu haijulikani kabisa. Ugonjwa wa akili ni jambo jingine. Unaweza kumpata profesa akiwa na miaka 50, una vipindi vya kupanda na kushuka, na wengi hupata nafuu kwa dawa. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, lakini kuwa na kimoja hakumaanishi kuwa na kingine.

Kwa nini mkanganyiko huu unamhusu msaidizi? Kwa sababu yeye ndiye anayeulizwa. Dukani, kwenye kituo cha daladala, kwenye foleni ya dirisha la hospitali, mtu humwinamia na kunong'ona: "Huyu ana nini?" Jibu lake ndilo elimu pekee ambayo wengi watapata juu ya jambo hili maishani. Nimewahi kusikia "mwacheni, kichwa hakiko sawa", na papo hapo watu wakasogea kando, maana kwa wengi wetu neno hilo linakwenda moja kwa moja Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na Mirembe katika midomo ya watu ni hofu. Nimesikia pia jibu la mama wa Korogwe: "Anaelewa, ila ongea naye taratibu. Muulize mwenyewe jina lake." Sekunde tano tu, na aliyeuliza akageuka kumtazama mjomba badala ya kumtazama yeye.

Neno "mlezi" nalo nilitumia kwa miaka bila kulifikiria. Linatokana na kulea, na kwa Kiswahili anayelelewa ni mtoto au yatima. Tukimwita "mlezi" mtu anayemsaidia mwanamume wa miaka 47, tumeshamrudisha mwanamume huyo kwenye kaptura. "Anamwangalia" nalo lina harufu ya ulinzi. Mama wa Korogwe, akiulizwa kazi yake, alisema "nakaa naye", na kwangu hilo ndilo neno bora kuliko yote, kwa maana kukaa na mtu ni kuishi naye. Hapa nitasema msaidizi.

Msaidizi huyo ni nani Dar es Salaam? Utafiti mwingi juu ya suala hili umefanyika Uingereza, Australia na Skandinavia, ambako msaidizi ni mwajiriwa wa zamu katika nyumba ndogo ya watu wanne, watano hivi, nyumba zilizorithi nafasi ya taasisi kubwa zilizofungwa. Sisi hatukupita njia hiyo. Hapa walio wengi wanakaa na ndugu zao, na anayelipwa kuwasaidia ni dada wa kazi, matroni au patroni wa bweni, mwalimu wa elimu maalum katika shule kama Sinza Maalum au Uhuru Mchanganyiko, au mhudumu wa kituo cha kutwa kilichoanzishwa na wazazi, kanisa au shirika. Wengine hawalipwi kabisa: shangazi, binamu aliyemaliza kidato cha nne na anasubiri ajira. Kwa hiyo matokeo ya kule hayawezi kuvikwa hapa kama nguo ya mtumba bila kupunguzwa.

Lipo moja linalotukaa bila kupunguza chochote. Nchi hizo zilipozifunga taasisi kubwa, zilitegemea kwamba mtu akishahamia mtaa wa kawaida atapata majirani. Wengi hawakupata. Mwaka 2001 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo yaliyohusu watu wazima wapatao 500 wenye ulemavu wa akili: ukiwapanga kwa idadi ya watu wanaohusiana nao, aliyekuwa katikati alikuwa na watano tu, na ukiwaondoa wafanyakazi waliolipwa kuwa naye walibaki wawili. Anwani ilikuwa ya mtaani, maisha yalikuwa bado ya ndani. Kwetu mtu hajawahi kutoka mtaani, amezaliwa humo, na bado anaweza kuishi hivyo hivyo nyuma ya geti la Mbezi au chumba cha uani Tandika.

Ndiyo maana nasitasita mtu anaponiambia kwa furaha, "Siku hizi tunawatoa." Kuwatoa ni mwanzo, lakini watu hulifanya ndilo jambo lenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliongozana na kituo kimoja kwenye safari ya Coco Beach. Tulikuwa na basi la kukodi, vijana na watu wazima zaidi ya 30, wote wamevaa fulana za rangi moja zenye maandishi makubwa mgongoni. Tulishuka pamoja, tukaketi pamoja kwenye jamvi letu, tukala pilau tuliyokuja nayo, wasaidizi wakiwa wamesimama pembeni kama uzio. Muuza mihogo alitukaribia, akamuuliza msaidizi, "Wanaruhusiwa kula?" Msaidizi akajibu kwamba wameshakula. Saa kumi tukapanda basi. Picha zilikuwa nzuri sana. Hakuna mtu hata mmoja kati ya wale 30 aliyezungumza na mtu mgeni siku ile, na mamia ya watu waliotuona pale ufukweni waliondoka na jambo moja kichwani: wale ni kundi lao.

Mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba watu wa makundi mawili kuonana hakutoshi kuondoa chuki wala hofu, na wakati mwingine huzidisha. Kunasaidia pale pande mbili zinapokuwa na hadhi sawa katika jambo wanalolifanya, zikiwa na lengo moja, zikishirikiana, na wenye sauti wakiunga mkono. Yeye alikuwa akifikiria zaidi ubaguzi wa rangi, lakini pima safari yetu ya ufukweni kwa mizani yake uone kilichopatikana. Kisha pima msiba.

Kwetu Dar, mtu wa mtaa anajulikana msibani. Turubai linafungwa na vijana, viti vinatoka kwa mwenye viti, akina mama wanawasha majiko uani, na kila mtu ana kazi bila kuwepo orodha. Mjomba zamani alipelekwa msibani kukaa. Aliwekwa kwenye kiti cha mwisho, akipewa sahani kabla ya wengine ili atulie. Mama wa Korogwe, msiba wa kwanza aliokwenda naye, hakumkalisha. Alimfuata kijana aliyekuwa anapanga viti na kumwambia, "Kaka huyu ana nguvu, mpe viti." Akasimama mbali kidogo. Mjomba alibeba viti vinne vinne mpaka jasho likamtiririka, akakosea mstari, kijana akamwonyesha, akarekebisha. Leo mtu akifariki mtaani, wanaopanga viti wanamtuma mtoto kumwita. Wanamhitaji. Siku moja alikuwa anaumwa tumbo hakwenda, na jioni watu watatu walipita nyumbani kuuliza yuko wapi.

Wolf Wolfensberger, aliyefanya kazi Marekani na Kanada, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kueleza jambo hili kwa lugha ya kitaalamu: kwamba watu hutendewa kulingana na nafasi wanayoonekana kuishika, na mtu aliyepachikwa nafasi ya mtoto wa milele, mgonjwa, au wa kuhurumiwa atapata yanayokwenda na nafasi hiyo. Mpe nafasi inayoheshimiwa na walio karibu naye, na mengi yatafuata. Alisisitiza hata mavazi na mwonekano. Wapo wanaoona hoja hiyo inamlazimisha mtu afanane na wengine ndipo akubalike, na hofu yao naielewa. Mtu anastahili heshima hata akiwa amevaa gunia. Lakini mara ngapi nimeona mwanamume mwenye ndevu amevalishwa fulana ya katuni, mwanamke wa miaka 30 amefungwa vibutu vya mtoto wa chekechea, kwa sababu tu msaidizi aliona inapendeza au ni rahisi? Mtaa unaisoma fulana ile kabla ya kumsoma aliyeivaa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani linaharibu zaidi kuliko dharau ya wazi, nalo ni wepesi wa kazi. Nyumba nyingi zimenunua mashine ya kunyolea. Kumnyoa nyumbani ni dakika kumi, hakuna nauli, hakuna foleni, hakuna wa kumkodolea macho. Kwa msaidizi mwenye nguo za kufua na chungu jikoni ni uamuzi wa busara kabisa. Lakini saluni ya kunyolea Dar ni baraza. Kuna runinga, kuna ubishi wa Simba na Yanga, kuna mtu anasubiri zamu na mwingine hana zamu, amekuja kukaa tu. Mtu anayenyolewa nyumbani kila baada ya wiki mbili anakosa nafasi 26 kwa mwaka za kuwa mwanamume kati ya wanaume, kwenye kiti kile kile, mbele ya kinyozi yule yule anayejua anapenda nywele zipunguzwe vipi. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa kuagiza vocha, kununua mkate, kusaga mahindi, kupeleka viatu kwa fundi, kwenda ibadani. Kila jambo linalofanywa "haraka haraka" kwa niaba yake linafunga dirisha moja, na anayefunga hajui kwamba amefunga.

Watafiti wa Uingereza wana jina kwa nyumba za namna hii. Wanasema zinaendeshwa kama hoteli. Wafanyakazi wanapika, wanapangusa, wanatandika, na wenye nyumba wanakaa kusubiri kama wageni, siku nzima, miaka yote. Wakagundua pia jambo linalowashangaza wengi: kuongeza idadi ya wafanyakazi peke yake hakukubadilisha hali. Wafanyakazi walipokuwa wengi walizungumza zaidi wao kwa wao. Kilichobadilisha ni jinsi walivyosaidia. Kuanzia miaka ya 1980, hasa Wales na Uingereza, na baadaye Australia, wataalamu kama David Felce, Jim Mansell, Julie Beadle-Brown na Christine Bigby wamekuwa wakichunguza namna ya kusaidia inayomfanya mtu awe ndani ya shughuli badala ya kuitazama. Msingi wake hauhitaji shahada. Kila shughuli ya siku ina sehemu ambayo mtu anaweza kuifanya. Afanye kidogo kidogo, mara kwa mara. Apewe msaada wa kiwango kinachohitajika, usizidi wala usipungue. Na yeye ndiye achague.

Kiwango cha msaada ndipo penye ufundi wenyewe, na nitaeleza kwa genge. Mjomba alikuwa hatumwi nyanya kwa sababu hajui chenji. Familia nzima tuliona hoja imeisha hapo. Mama wa Korogwe aliona kwamba nyanya Magomeni zinauzwa kwa mafungu, na mafungu yanapangwa kwa bei ya noti. Noti moja ya bluu, ya elfu moja, kwa fungu moja. Hakuna chenji. Wiki ya kwanza alikwenda naye, akamwonyesha, akamshika kiwiko alipotaka kuondoka bila kuchukua mfuko. Baadaye aliacha kumshika, akabaki kumwonyesha kwa kidole. Halafu akawa anasema tu. Halafu akawa anasimama kwenye kona ya nyumba ya jirani, anaonekana lakini hasikiki. Mwenye genge, kwa mazoea, alipaza sauti juu ya kichwa cha mjomba: "Anataka nini leo?" Yule mama akajibu kutoka konani, "Mimi sijui, muulize mwenyewe." Kimya kikafuata. Kilikuwa kirefu mpaka mimi niliyekuwapo nikataka kujibu. Mjomba akasema, "Nyanya. Zilizoiva."

Kimya kile ni ujuzi. Mtu mwenye ulemavu wa akili mara nyingi anahitaji muda zaidi kulipokea swali, kulichambua na kutafuta maneno, na sisi wengine tukikaa sekunde tatu bila jibu tunaona aibu na kulijaza pengo. Msaidizi mwema anajua kuhesabu hadi kumi moyoni. Na anajua kumfundisha muuzaji kungoja bila kumhutubia.

Kuna wasomaji watasema mjomba wangu ana nafuu, anaongea, anatembea. Kweli. Wapo wasioongea, wanaolishwa, wanaohitaji watu wawili kuwainua. Kwao nafasi ya msaidizi ni kubwa zaidi, maana bila yeye mtaa hauna pa kuanzia. Asiyeongea bado anachagua: kwa macho, kwa kugeuza uso, kwa mwili kulegea au kukakamaa. Msaidizi aliyekaa naye mwaka mzima anaijua lugha hiyo na anaweza kuitafsiri kwa jirani: "Akifanya hivi na mkono amefurahi, endelea." Jirani akishajua alama tatu za namna hiyo, hana sababu tena ya kumkwepa. Hata kupiga kelele au kujiuma mkono ni ujumbe mara nyingi: maumivu ya jino, kelele za spika za duka jirani, kuchoka kukaa. Anayemwambia jirani "ana fujo" amefunga mazungumzo. Anayesema "kelele zinamuumiza" ameyafungua.

Hofu ya familia sitaidharau, kwa sababu mji huu una hatari zake. Inayotukosesha usingizi ni neno moja: mwizi. Mtu mwenye ulemavu wa akili akichukua embe kwenye genge asilolijua, akaingia uani kwa mtu kufuata paka, kisha mmoja akapaza sauti, umati haumpi nafasi ya kujieleza, naye hana maneno ya haraka ya kujieleza. Nimewahi kuona vijana wameshaokota mawe kabla mama mmoja muuza vitumbua hajapiga kelele, "Huyo ni wa nyumba ya bluu, mwacheni!" Kufungia ndani ni jibu la wazazi wengi, na sitamlaumu mzazi anayejua alichokiona. Lakini tazama kilichomwokoa yule kijana siku ile: ni kwamba muuza vitumbua alimjua. Mtu anayetoka mara moja kwa mwaka ni mgeni kwenye mtaa wake mwenyewe, na mgeni ndiye aliye hatarini zaidi.

Hapo msaidizi ana kazi ambayo haimo kwenye maelezo ya ajira ya mtu yeyote: kumtambulisha. Kumpitisha kijiweni kwa bodaboda wamsalimie kwa jina, kumpeleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa vijana wa ulinzi shirikishi, kuwaachia namba ya simu wenye maduka wawili watatu. Mmarekani Robert Perske aliandika mwaka 1972, baada ya kuzuru Skandinavia, kwamba kumkinga mtu na kila hatari ni kumvunjia heshima, kwa sababu kuishi ni pamoja na kuthubutu. Nakubaliana naye, nikiongeza kwamba Dar es Salaam kuthubutu kunahitaji mashahidi.

Kwa wasichana na wanawake hofu ni nyingine, ya kubakwa, nayo ina msingi. Wengi hufungiwa kwa sababu hiyo tu. Lakini mtendaji mara nyingi ni mtu anayejulikana, mwenye njia ya kuingia ndani, na chumba kilichofungwa kinampa faragha. Msaidizi anayemfundisha binti majina ya viungo vyake vyote bila kuona haya, anayemzoesha kusema "sitaki" hata kwa chakula na nguo na kuheshimiwa anaposema hivyo, anayehakikisha kuna majirani na ndugu kadhaa wanaomwona kila siku na kugundua akibadilika, anamlinda zaidi ya kufuli.

Nimemsifu sana msaidizi mmoja, na hapo kuna mtego. Si haki kumtwisha mfanyakazi wa chini kabisa mzigo wa jamii nzima. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimwekea mfanyakazi wa ndani wa kawaida, anayelala kwa mwajiri, kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi, na wapo waliokuwa wakipata chini ya hapo. Kwa fedha hizo anapika, anafua, analea watoto wa nyumba, na juu yake anakaa na mtu anayehitaji subira ya kazi maalum. Mafunzo hajapata. Akimtoa mtu nje na kitu kikatokea, lawama ni yake. Akimfungia ndani mwaka mzima akiwa msafi na ameshiba, anasifiwa. Nani, akiwekewa mizani hiyo, angechagua kwenda saluni?

Vituoni ni vivyo hivyo. Utafiti wa Australia na Uingereza kuhusu wasimamizi umeonyesha kwamba mafunzo ya darasani huyeyuka haraka kama msimamizi hashuki kuwaangalia wasaidizi wakiwa kazini, kuwaonyesha, kuzungumza nao kila mara juu ya maisha ya wanaowasaidia. Wasaidizi wanajifunza kinachothaminiwa kwa kusikia wanachoulizwa. Mkubwa akiingia na kuuliza "Wamekula? Wameoga? Sakafu imepigwa deki?", basi hiyo ndiyo kazi. Akiuliza "Leo kazungumza na nani asiyekuwa wewe? Kachagua nini? Jumapili nani alimkosa kanisani?", kazi inakuwa nyingine, kwa mshahara ule ule na idadi ile ile ya watu. Sisi wa familia ndio wasimamizi wa dada wa kazi, na maswali yetu ya simu ni yale ya deki.

Kisheria njia ilishafunguliwa. Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2006, Tanzania ikauridhia mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 19 ya mkataba inasema kila mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuishi katika jamii akiwa na uchaguzi sawa na wengine, na kupata huduma za kumsaidia zinazozuia kutengwa, ikiwemo msaada wa mtu binafsi. Yaani msaidizi ametajwa, na kazi yake imetajwa: kuzuia kutengwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri zake hawawezi kukaa na kila familia, lakini kikao kimoja cha wasaidizi kwa mwezi katika kata, wabadilishane wanayoyajua, hakihitaji jengo jipya. Ofisi ya serikali ya mtaa na chai inatosha.

Mama wa Korogwe aliondoka Machi mwaka huu, kwenda kumuuguza mama yake. Kabla ya kuondoka alikaa siku tatu na binti aliyekuja kumpokea, na hakuanza na dawa wala jiko. Alimzungusha mtaani, mjomba akiwa mbele: huyu kinyozi, Jumamosi moja na moja, huyu wa genge, noti ya bluu, huyu wa viti, akiita mwache aende, huyu mzee wa kahawa, huwa anamwekea kashata, usimlipie wewe, alipe mwenyewe. Binti alikuwa anaandika kwenye daftari la shule. Walipofika kwenye genge, mwenye genge akamuuliza binti, "Wewe ndiye unakaa naye sasa?" Kabla hajajibu, mjomba akasema, "Anaitwa dada. Mpya. Mwamkie."